Siku Niliyogoma Kusema Nimekosa

Mpaka leo mtu akiutaja mto Ruvuma mbele yangu najikuta nimeshika masikio, na wajukuu wanadhani ni mbu. Si mbu, jamani, ni aibu. Nawasimulia mwenyewe kwa sababu waliokuwepo siku ile wengi wameshatangulia, na waliobaki huisimulia vibaya kuliko mimi (wapo wanaosema nilikimbia, sikukimbia, na ingekuwa heri ningekimbia).

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Mimi ni mtu wa Lisekese, Masasi, lakini kazi ya ukarani nilikuwa naifanyia Newala, najua kupiga taipu, na kwa hiyo taipu nilijiona hakuna kama mimi. Bwana Shauri wetu, yaani mkuu wa wilaya, Mzungu mmoja mrefu aliyekulia kwenye mito ya kwao, akaona sisi makarani na walimu hatuna mchezo zaidi ya mpira, akatuanzishia Klabu ya Mitumbwi. Klabu ya mitumbwi, Newala! Mji ambao debe la maji ni mali, mwanamke anatoka alfajiri kwenda kuteka bondeni anarudi jua limeshakuwa kali, na sisi tumekaa kwenye mabenchi ya shule tunapiga makafi hewani, vumbi linatimka. Wapita njia walikuwa wanatuuliza, "Mmefika wapi?" Mara moja moja ndiyo tulipakiwa kwenye lori tukateremshwa hadi mtoni kwenyewe.

Mimi nikawa katibu. Bwana Shauri akasema hakuna mashindano bila bima, na bima yenyewe si yetu sisi tuliomo mtumbwini, ni ya mtu wa nje: tukimwumiza mtu asiyehusika katika huo mchezo wetu, kampuni itamlipa badala yetu. Nikaona ni jambo jema sana, na bado naliona hivyo. Karatasi zilipokuja nikazisoma zote, nikakuta mahali pameandikwa kwamba likitokea la kutokea, mwanachama asikiri kosa kwa mtu yeyote bila idhini ya kampuni, akikiri bima inaweza kuvunjika. Nikalisoma mara tatu. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfuko wa shati, na siku ya mashindano na wenzetu wa Masasi ilikuwa humo humo mfukoni.

Basi siku hiyo tukashinda. Ningekaa chini kama wenzangu, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, gatini kuna watu wamejaa, nikataka wanione, nikasimama, nikauinua upondo juu (ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi) nikaupunga. Mtumbwi ukagonga mchanga. Mimi nikaenda mbele, upondo ukaenda pembeni, ukampiga mwanamke aliyekuwa ameinama anajaza mtungi wake, hana habari na klabu wala mashindano. Akaanguka juu ya mawe na mtungi ukavunjika chini yake.

Alikuwa Mama Somoe wa Chilangala, mjane, nami namfahamu, maana korosho zake nilikuwa naziandikia risiti. Mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Nikatoka majini nimelowa chapachapa, na neno liko mdomoni kabisa, nisamehe mama, nimekosa. Halafu nikaikumbuka karatasi.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo watu wananionea. Sikunyamaza kwa kiburi. Nilifikiri hivi: mvua ziko karibu, huyu mama analima mwenyewe, hana mume, Somoe mwenyewe ameolewa mbali, na mkono ndio huo. Nikikiri, bima inavunjika, hapati kitu, na shamba lake mwaka huu litaota nyasi. Nikinyamaza, analipwa, anaweka vibarua. Kwa hiyo nikasema, "Pole, Mama Somoe."

Watu wakangoja. Nikarudia, "Pole sana, mama."

Mwanamke mmoja mwenye debe kichwani akasema, "Pole anasema hata mpita njia. Wewe uliyempiga unasemaje?"

"Siruhusiwi," nikasema.

"Huruhusiwi nini?"

Loo, mdomo wangu huu! Nikatoa karatasi mfukoni, inachuruzika maji, wino umeanza kukimbia, nikawasomea pale gatini kwa Kiswahili: mwanachama asikiri kosa bila idhini ya kampuni. Wa nyuma wakacheka kwanza, wakadhani mzaha. Halafu kicheko kikafa, na ule ukimya sijawahi kuusikia tena, hata msibani. Mama Somoe amekaa chini ameubeba mkono wake kama mtoto, akaniangalia tu.

Tukambeba kwa machela kupanda mlima, maana nyonga nayo iliumia. Nilishika mbele. Kila tukipumzika alikuwa ananigeukia, na mimi naangalia miti. Mara moja akaniuliza, "Karani, umechoka?" Wallahi nilisita hata kujibu hilo, nikiogopa nalo lisije likawa kukiri. Mwenzangu wa nyuma akasema, "Mjibu basi, ngoja tukuombee kibali kwa simu ya upepo," wenzake wakaangua kicheko, mimi jasho na machozi vinashindana.

Kabla ya wiki kwisha nina jina jipya, Bwana Idhini. Sokoni naomba chumvi, muuzaji ananiuliza kama kampuni imekubali. Nikajipa moyo kwamba wakicheka ni wao, mama atalipwa. Siku ya tano nafungua mlango wa chumba changu namkuta mama yangu mzazi amesimama nje, ametoka Lisekese kwa lori la mizigo, khanga imejaa vumbi. Nikainama, "Shikamoo, mama."

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Sina idhini ya kukuitikia."

Akaingia ndani akakaa, akakataa maji. Mama yangu, jamani! Tangu nizaliwe sijawahi kumnyima salamu, wala yeye kuninyima kuitikia. Nikamweleza habari ya bima yote, ya vibarua, ya shamba, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hayo yote umemwambia yeye?" Sikuwa nimemwambia. Nilimfikiria Mama Somoe kutwa kucha, ila kuzungumza naye sikuzungumza.

Kesho yake tukaenda Chilangala, mama mbele na kuku kwapani. Tukamkuta Mama Somoe mkono umefungwa mbao. Nikapiga magoti, nikasema, "Mama Somoe, upondo ulikuwa mikononi mwangu, nilisimama kwa kutaka kuonekana. Nimekosa, nisamehe." Nikamweleza na ile karatasi, na kwamba kampuni imeleta fomu, na ndani yake kuna swali: je, kuna aliyekiri kosa? Nikijibu ndiyo, huenda asipate kitu.

Akasema, "Mimi nilikusamehe palepale mtoni. Nilikuwa nangoja uniombe tu, nikupe. Mlima mzima nakugeukia, wewe unaangalia miti."

Nikalia, sioni haya kusema. Mama yangu naye akajifanya anamfungua kuku kamba.

"Na hiyo fomu?" nikauliza.

"Andika kweli. Ukinidanganyia mimi leo, kesho utanidanganya kwenye korosho."

Nikaandika ndiyo, nikatia na jina langu. Barua ikarudi baada ya miezi miwili, maneno mengi ya heshima, na jibu lake hapana. Lakini mvua haikungoja barua. Wanachama wote wa klabu, Masasi na Newala, tulikuwa tumeshalima lile shamba na kupanda, hata Bwana Shauri alikuja na jembe jipya, akakatakata mihogo akidhani ni magugu. Mama Somoe amekaa pembeni anatucheka, anasema mistari yangu imepinda kama mtumbwi wangu.

Mkono wake ulipona, ila haukunyooka tena. Miaka mingi nilipita kwake, na kila nikifika alinipa maji ya kunywa kwa mkono huohuo, kikombe kimelala upande, nami nilikipokea kwa mikono miwili. Bima bado naisifu, na nyie kateni bima, isomeni mpaka chini. Ila nimeapa, nikimkanyaga mtu hata ukucha, naomba radhi kwanza. Karatasi nitaisoma nikishaitikiwa.