Chungu cha Rachael

Pale Dagoretti Corner, nyuma ya kaunta ya kemisti, kila mteja humwita Peres daktari, naye amechoka kukataa. Ana diploma ya dawa tu. Kazi yake ni kupokea karatasi za kliniki, kuhesabu vidonge, kuwachorea jua na mwezi kwenye bahasha wale wasiojua kusoma, na kuichunga friji ya dawa isipande joto. Mwenye kemisti ni Vidhi, mfamasia mkali wa maneno na mpole wa moyo. Ndiye aliyemfundisha kwamba kipimo cha dawa kikiongezwa, usipakie kabla hujauliza kulikoni. Kuuliza si ujinga.

Peres ana mteja wake wa moyoni, na hafichi: Mzee Okinyi, seremala mstaafu wa Mutuini. Kila mwezi mzee huja kuchukua insulini ya mkewe Rachael, mwenye kisukari, na huja amevaa koti la kanisani, utadhani amekuja kumpokea mgeni wa heshima. Mapenzi ni kikohozi, wahenga walisema, na vikohozi Peres anavijua.

Mwezi ule mzee alikuja bila utani wake. Sukari ya Rachael ilikuwa inapanda tu. Amekonda, kiu haimwishi, na kliniki imeongeza kipimo cha insulini. Alinyoosha karatasi, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaogopa asije akamzika.

Peres hakupakia. Alimuuliza mzee anamchoma mkewe saa ngapi, sehemu gani ya mwili, kabla ya chakula au baada. Mzee alijibu yote bila kukosea. Mwishowe akaulizwa dawa yenyewe inalala wapi, na hapo uso wake ukachangamka. Nyumbani hakuna friji, alieleza, lakini jirani yao mwenye bucha ana friza kubwa na amempa kona juu ya matumbo. Kila alfajiri anaenda kuichukua imeganda kama jiwe. Basi anaikumbatia viganjani mpaka iyeyuke, ili baridi isimuumize mama.

Peres alisikia machozi yakimjia. Insulini ikishaganda imekufa, na ukiiyeyusha hairudi kuwa dawa. Angempa chupa mpya anyamaze, ingeishia friza ile ile. Na kama hii mpya ingekaa nzima, kwa kipimo kile kilichoongezwa, sukari ya Rachael ingeshuka ghafla hata azimie. Hapakuwa na njia ila kusema ukweli, lakini utamwambiaje mtu aliyekuvalia koti la kanisani? Alizunguka kaunta akaketi naye kwenye benchi.

“Baba, insulini inataka baridi ya maji ya chungu, si ya barafu. Ikiganda inakufa.”

Mzee alivitazama viganja vyake. “Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikimuumiza?”

“Ni mimi nilikwambia uiweke kwa baridi. Sikukuuliza baridi gani.”

Vidhi alikuwa amesikia yote. Akaipigia kliniki simu, wakakubaliana Rachael arudi kwenye kipimo cha zamani na apimwe sukari kila siku. Peres naye akauliza kama nyumbani kuna chungu. Kilikuwapo kimoja, ambacho mama yake Rachael alimpa siku ya kuolewa. Basi akamwelekeza: maji kidogo ndani ya chungu, chupa ya dawa ndani ya kopo kavu lenye kifuniko, na chungu chenyewe kikae kivulini, mbali na jiko. Mzee aliondoka akimsihi asije akamwambia Rachael kwamba friza ndiyo iliyoiua dawa, naye Peres akaahidi.

Mwezi uliofuata Rachael alikuja mwenyewe, mashavu yameanza kurudi. Mumewe alibaki nje akipiga soga na fundi wa viatu. Rachael alilalamika kwa kicheko kwamba siku hizi anakunywa maji ya jerikeni, chungu chake kimenyakuliwa. Kisha akainama juu ya kaunta.

“Ile dawa ya friza, nilikuwa naona chengachenga zikielea ndani. Nilijua imeharibika.”

Peres alimuuliza mbona hakusema.

“Ningesema aje? Ameishika tangu alfajiri, vidole vimekufa ganzi, halafu nimwambie ni ya bure? Na wewe usimwambie nilijua.”

Peres alitaka kumkemea na kumkumbatia kwa pamoja. Aliahidi, kama alivyomwahidi mzee. Lakini kabla ya kuuachilia mfuko wa dawa aliushikilia kidogo.

“Ukiona chengachenga tena, mama, sema. Hata kama ataumia.”

Rachael alitazama nje, kwa lile koti la kanisani. “Nitasema,” akajibu.

Akatoka, akampa mumewe mfuko aubebe, naye akaupokea kwa mikono miwili.