Jina Langu Mlangoni mwa Maktaba

Mmeniita niwaeleze jinsi nilivyopona. Nitaeleza. Lakini ninyi mnaofanya kazi katika maktaba za vyuo, msitarajie nicheke nanyi. Bado nina hasira. Mchungaji wangu ananiombea, na haijatoka yote.

Naitwa Domitila. Nilizaliwa Mwakiro, kule Muyinga, nikapelekwa Tanzania mgongoni mwa mama kabla sijajua kuhesabu. Nilikulia kambi ya wakimbizi. Nilikuwa na afya. Nilibeba ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, na sikupumzika njiani. Shuleni mwalimu alinisimamisha mbele niwasomee wenzangu kwa sauti, kwa sababu sikukwama kwenye neno lolote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipovuka mpaka kuja kupigana. Upande gani, sitasema. Humu ndani wamo wenzangu waliotoka vitani, na makovu yao ni ya pande zote.

Asubuhi moja bomu lilitukuta kwenye shamba la migomba. Kipande cha chuma kiliingia juu ya sikio langu la kulia. Mwanzoni sikuumia. Nilihisi joto likishuka shingoni, nikadhani mtu amenimwagia chai. Walinifunga kitambaa, wakanibeba siku mbili. Daktari alikitoa kile chuma, akashona, akaniambia, "Umepona." Nikamwamini kwa miaka mingi.

Amani ilipokuja nilikabidhi bunduki, nikapewa karatasi ya kurudi uraiani, nikaenda Mwakiro kwa mama. Nikamaliza sekondari nikikaa dawati moja na watoto walioniita tantine, yaani shangazi. Halafu nikapata nafasi kwenye chuo cha ualimu hapa Gitega. Nikapanga chumba mtaa wa Musinzira, kwa Mama Zaituni, fundi cherehani.

Ugonjwa ulianza kwa harufu. Ningekuwa nimekaa darasani, mara nasikia nywele zinaungua. Naangalia huku na huku, hakuna moto. Kisha vidole vya mkono wa kushoto vinacheza vyenyewe, na mate yananijaa mdomoni. Baada ya dakika moja yanapita. Sikumwambia mtu. Mpiganaji wa zamani akisema anaumwa kichwa, watu wanasogeza viti vyao. Nilinyamaza, nikasoma zaidi, nikalala kidogo. Nilifanya makosa, lakini jiulizeni kwa nini nilinyamaza.

Siku ya siku nilikuwa maktabani, mchana kweupe. Nilikuwa nimefungua kitabu cha saikolojia ya mtoto. Ile harufu ikaja, kali kuliko siku zote. Nakumbuka kushika ukingo wa meza. Baada ya hapo sikumbuki.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni. Sketi yangu ilikuwa imelowa mkojo. Ulimi nilikuwa nimeung'ata, mdomo umejaa damu. Nikapitisha ulimi mbele nikakuta jino moja halipo. Pembeni ya shavu langu palikuwa na kijiko. Wanafunzi walikuwa wamejazana mlangoni, na msichana mmoja akasema, "Huyu iko na roho za watu aliua."

Nilimsikia. Mwili ulikuwa bado mzito, ila masikio yalisharudi.

Hakuna aliyenisindikiza. Nilifunga sweta kiunoni kuficha sketi, nikatembea peke yangu hadi Musinzira, nikitema damu kwenye leso.

Siku ya tatu nilirudi. Mlangoni mwa maktaba palikuwa na karatasi, imepigwa muhuri. Jina langu, mwaka wangu, kisha maneno haya: haruhusiwi kuingia hadi atakapopona, kwa usalama wa wasomaji.

Kwa usalama wa wasomaji! Na mimi nilikuwa nani, kama si msomaji? Kila aliyeingia kutafuta kamusi alisoma jina langu kwanza. Nilibaki pale nimesimama, naisoma upya. Nilishawahi kutishwa na watu wenye silaha. Hawakuniumiza kama karatasi ile.

Nikazidi kuumwa. Nilianguka mara mbili nyumbani. Mara ya pili niliangukia jiko la mkaa, nikaungua mkono tangu kiwiko hadi kifundo. Kovu hili hapa. Mama Zaituni ndiye aliyeniburuta kutoka kwenye moto. Nilimwambia nataka kurudi Mwakiro, labda kweli nimepandwa na kitu. Akanifokea.

"We nyamaza! Ile haiko shetani, ile iko ugonjwa. Mi nilionaka mtoto wa dada yangu vile vile. Twende kwa dokta."

Nikasema nitaenda wiki ijayo.

"Wiki ijayo utakuwa umeungua uso. Vaa viatu."

Daktari wa hospitali alinipapasa kovu juu ya sikio, akaniuliza maswali mengi kuhusu ile harufu. Kisha akasema taratibu, "Ni kifafa. Chuma kilitoka, lakini kiliacha kovu ndani, kwenye ubongo. Usipolala, kovu linawasha moto. Hakimwambukizi mtu, na kina dawa. Mbona umechelewa hivi?"

Nilimjibu, "Nilikuwa nabandikwa mlangoni." Hakuelewa. Nikalia mbele yake kwa hasira.

Dawa zilikuwa na shida zake. Mwezi wa kwanza nilisinzia nikiwa nimesimama. Fizi zikavimba, zikatoka damu nikipiga mswaki. Ukurasa mmoja niliusoma mara tatu na bado sikujua umesema nini, mimi niliyewasomea wengine! Na vitabu vya kozi vilikuwa maktabani tu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haruhusiwi kutoka navyo. Nilishindwa mitihani miwili. Si kwa sababu ya ugonjwa, jamani. Kwa sababu ya mlango.

Alasiri moja mwanamke mwembamba alibisha kwa Mama Zaituni, amekumbatia vitabu vitatu. Nilimtambua. Alikuwa anakaa kwenye meza ya kuazimisha vitabu.

"Mi naitwa Spes," alisema. Hakuketi. "Ni mimi nilikutia kijiko mu kinywa. Jino lako, ni mimi. Nilisikia watu wanasema ufanye vile, nikafanya. Nimeuliza muganga wa hospitali, ameniambia ni vibaya kabisa. Nisamehe."

Nilimfukuza. Nilimwambia aende na vitabu vyake, akambandikie mwingine jina mlangoni. Nilisema maneno ambayo hayafai hapa. Aliondoka analia, na mimi sikumhurumia.

Kesho yake akarudi, na vitabu vilevile.

"Karatasi nimeitoa," akasema. "Chefu wa maktaba hajajua bado. Sasa niambie, unataka nini? Mi nisikisie. Niambie wewe."

Hapo nikamkaribisha kiti. Tangu nilipokabidhi bunduki, watu wa ofisi walikuwa wameniambia mengi ninayohitaji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Nilimwambia nataka meza iliyo ukutani, nione mlango, mtu asipite nyuma yangu. Nataka niruhusiwe kutoka na kitabu, tena kwa siku nyingi, kwa sababu nasoma polepole. Nataka wafanyakazi wajifunze cha kufanya mtu akianguka. Na nataka mkuu wa maktaba aniombe radhi.

Tulienda kwake pamoja. Alikuwa ameshagundua karatasi haipo. Hakutuambia tukae.

"Bon. Madamu," alisema, "maktaba iko ya kusoma. Haiko hospitali."

"Na mimi nilikuja kusoma," nikamwambia. "Sikuja kutibiwa. Ungeniuliza ningekwambia. Uliandika jina langu kama la mwizi."

"Nilikuwa nalinda wanafunzi."

"Mimi ni mwanafunzi!"

Nilipiga meza yake, wino ukamwagika. Spes akanishika bega. Mzee yule akafuta wino kwa mkono wa shati lake mwenyewe. Hakuniomba radhi siku ile, wala baadaye. Aliandika tu ruhusa: nirudi, nipewe meza ninayotaka, na niazime kitabu kwa wiki tatu. Muuguzi akaja akawafundisha wafanyakazi: mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, ondoa viti, usimtie kitu mdomoni, kaa naye hadi azinduke.

Spes hakuishia kwangu. Alipita madarasani, akawaambia wanafunzi waliotoka vitani wamfuate, kila mtu peke yake, bila kuandika majina kwenye ubao. Wakaja tisa. Mmoja haoni vizuri, akasogezewa meza dirishani. Mmoja hawezi kuvumilia mlango ukibamizwa, wakaufunga mpira ukingoni. Mambo madogo. Yangeweza kufanyika tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo linaloniwasha kifua mpaka leo.

Kwa maana tulimkosa Fideli. Fideli ni mtu wa Itaba. Alipigana upande uliokuwa ukinirushia mimi mabomu. Alipoteza mguu, akaingia chuoni mwaka mmoja kabla yangu. Maktaba yetu ilikuwa ghorofani, ngazi ishirini na mbili. Alipanda kwa magongo mara moja, akateleza mbele za watu, hakurudi tena. Alinakili daftari za wenzake mwaka mzima, akashindwa, akaondoka.

Mimi na Spes tulimfuata Itaba. Tulimkuta ameketi shambani, anapalilia maharagwe kwa jembe fupi. Spes akamweleza kwamba sasa vitabu vinateremshwa chini kwa asiyeweza kupanda. Fideli alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mi nilingoja mwaka muzima," akasema. "Hakuna mtu aliniuliza, 'Fideli, mbona hatukuoni?' Hata mtu moja. Sasa mi iko na watoto wawili na shamba. Muende salama."

Akatupatia maharagwe ya kubeba.

Mimi nilimaliza chuo. Ninafundisha Muyinga. Nakunywa dawa kila siku, nalala mapema, na ni mwaka wa tatu sijaanguka. Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Zaituni aliyenivalisha viatu, na daktari, na Spes, ambaye nimemsamehe jino langu.

Kwa wenzangu mliotoka vitani: ukisikia harufu isiyokuwepo, mkono ukicheza, usifiche kama nilivyoficha. Nenda hospitali. Usiache dawa kwa sababu umejisikia vizuri wiki mbili.

Na ninyi wa maktaba, mtakunywa chai sasa, mtapiga makofi. Sitaki makofi. Fideli yuko Itaba, hajasamehe, na ana haki. Mkuu wa maktaba yetu yumo humu, namwona safu ya pili. Gari la Itaba linaondoka saa nane. Mzee, mimi nitapanda nawe.