Swali la Kwenye Benchi

Juzi nilikaa benchi la hospitali moja Makambako nikisubiri kupasuliwa ngiri. Mbele yangu alikuwa dada mmoja na mama mkwe wake, wametoka Kifanya. Nesi akauliza kwa sauti ya mnadani, “Dada, kuna dawa unatumia kila siku?”

Dada akamtazama mama mkwe, akabana fundo la kitenge chake. “Hapana.”

Akaingizwa, kitenge kikabaki kwa mama mkwe. Baadaye mtaalamu wa usingizi akachungulia mlangoni, jasho linamtoka na baridi ile. “Ndugu wa huyu dada! Anatumia dawa za kifafa? Dawa ya kulegeza misuli inamwisha upesi mno, anakaza tumbo na bado liko wazi!”

Mama mkwe akafungua fundo. Vidonge. Akakisukuma kitenge kule kama kinaambukiza.

Walimwongezea dawa, akapona. Ndoa sijui.

Hasira zikanipanda. Swali kama hilo linaulizwaje mbele za watu? Nikaapa nitaliandika hapa.

Nesi akanigeukia. “Na wewe baba, kuna dawa unatumia?”

Benchi zima likatega masikio. Nikabana mfuko wa koti, zilimo zangu.

“Hapana,” nikajibu.