Siku Niliyomwigiza Bingwa

Mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa Morogoro, mtoto wa baba aliyeletwa na kazi za mkonge na ambaye hakurudi kwao. Kwa hiyo ni mtani wa Waluguru, na mtani msibani hana likizo: wenzako wanalia, wewe unavaa nguo za marehemu na kumwigiza mpaka wanaolia wacheke. Nimewaigiza walevi, nimewaigiza wachoyo, nimemwigiza bibi mmoja aliyekuwa akigombana na kuku wake. Wote walicheka. Nilishindwa kwa mtu mmoja tu, na ndiye niliyemhusudu kuliko wote.

Alikuwa Mluguru, bingwa wa mbio za pikipiki. Siku hizo kiwanda chetu kilikuwa bado mali ya umma, kina timu ya mpira, kina kwaya, na kina pikipiki mbili za mashindano. Yeye alikuwa fundi mitambo, mimi nilikuwa upande wa kufungasha. Mbio zilianzia mjini, zikashika barabara ya Dodoma mpaka Gairo, kisha zikarudi. Sisi wa kiwandani tulijazana kwenye kona ya mwisho tangu asubuhi, na tulimsikia kabla ya kumwona. Wenzake walipunguza mwendo pale, kama watu wenye akili zao. Yeye aliilaza pikipiki mpaka goti likakaribia lami na chuma cha kukanyagia kikatoa cheche, halafu akaibuka upande wa pili ametulia kama mtu anayetoka misa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Watu walisema nampenda. Waseme. Nilikuwa na mume, na mume wangu alipiga kelele kunishinda.

Nilimhusudu kwa sababu alikuwa mtu wetu. Alinuka grisi ya mashine zetu, alipanga foleni ya sukari kama sisi, alikula maharage ya kantini yenye wadudu. Na bado aliwabwaga watu wa Dar es Salaam waliokuja na pikipiki mpya na makoti ya ngozi. Jumatatu yake niliingia kazini nikitembea kifua mbele, kana kwamba mimi ndiye niliyeshinda.

Kisha kikaja kipindi cha ruksa ya biashara huria. Maduka yakajaa, sabuni ikawa ya kuchagua, na kiwanda kikauzwa. Mwenye mali mpya alipita akiuliza kila kitu kinazalisha nini. Kwaya haikuzalisha. Pikipiki hazikuzalisha. Haukupita muda na sisi tukaonekana hatuzalishi, tukapunguzwa fungu kwa fungu, mpaka siku moja tukakuta geti limefungwa. Bingwa akaomba apewe pikipiki moja, wakampa, maana machoni mwao ilikuwa chuma chakavu. Akarudi nayo kwao Matombo. Pikipiki ile ya lami ikaanza kubeba ndizi kwenye njia ya mawe na makorongo, mikungu imefungwa huku na huku.

Nilikutana naye sokoni Morogoro, mimi nikiuza mitumba chini kwenye turubai. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, bingwa," nikamwambia. "Naona siku hizi unaziiba ndizi polepole. Wenyewe hawakukimbizi?"

"Marahaba, mtani. Wenyewe wameshanizoea."

Akacheka, kikohozi kikamkata kicheko, akashikilia kiti cha pikipiki mpaka kikaisha. Sikumtania tena siku ile. Mtani akinyamaza ujue mambo yameharibika.

Alikufa kitandani, kwa kifua. Mara nyingi nimewaza kwamba ni heri angefia kwenye ile kona, watu wakimshangilia. Ni neno baya, lakini ndilo ninalolifikiri mpaka leo.

Nilipofika msibani Matombo, dada yake alinivuta pembeni. Mkononi alishika koti la mbio na kofia ngumu.

"Mtani, nakuomba. Usinichezee huyu wa kifua. Nichezee yule wa barabara ya Dodoma." Akanionyesha binti wa marehemu, msichana wa darasa la tatu, amekaa mkekani hasemi na mtu. "Mtoto huyu alizaliwa kiwanda kimeshakufa. Hakumwona baba yake akishinda hata mara moja. Amwone leo."

Nikavaa. Nikaikalia pikipiki yake juu ya kiteremko cha kwenda mtoni, nikaachia breki. Nikanguruma kwa mdomo, nikalala kushoto, nikalala kulia, nikainua mkono kama alivyouinua yeye akipita utepe. Naapa sijawahi kumwigiza mtu vizuri namna ile.

Hakuna aliyecheka.

"Mnyamwezi," mzee mmoja akaniuliza, "leo unamwigiza nani?"

"Labda trafiki," akasema mama mmoja.

"Bingwa!" nikafoka. "Huyu ni bingwa!"

Wakatazamana. Wale wa kwenye kona hawakuwepo. Wengine walisharudi Tabora na Singida, wengine wamekufa, mume wangu mmojawapo. Nilikuwa nimebaki peke yangu na mbio zile kichwani, na mtoto alinikodolea macho kama anayemtazama mgeni aliyepotea njia. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia nilipoliona lile geti limefungwa.

Ikabidi niirudishe pikipiki juu. Haikuwa na mafuta, na mimi si msichana. Nikainama nikasukuma, nikasimama nikahema, mkono kiunoni, vumbi likanipalia nikakohoa. Sikuwa naigiza kitu. Nyuma yangu msiba mzima ukaangua kicheko.

"Ndiye! Ndiye huyo!" wakapiga kelele, wanawake wakigaragara mikekani. "Ndivyo alivyokuwa akipanda nayo kila jioni!"

Dada yake hakucheka. Alijifunika khanga usoni. Nikataka kuwaambia wanyamaze, kwamba huyu siye, kwamba wamsubiri yule mwingine, lakini pumzi haikutosha.

Mara pikipiki ikawa nyepesi. Nikageuka. Yule mtoto alikuwa ameondoka mkekani, ameweka mikono kwenye kiti cha nyuma, ameinamisha kichwa, anasukuma kama mtu aliyeizoea kazi hiyo. Alipoona nimesimama akainua uso. Ndiyo mara ya kwanza tangu nifike kumwona anatabasamu.

"Sukuma, baba," akaniambia. "Tumekaribia kufika."

Nikainama tena, nikasukuma.