Kiti cha Mshonaji

Mtaani walimwita Rubani, mtu ambaye hajawahi kurusha hata kishada. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na nyuma ya nyumba, chini ya mabati, alikuwa akijiundia ndege ya watu wawili. Kiti cha mbele chake. Cha nyuma alimwahidi mkewe, mshonaji wa nguo, naye akaamini, maana hakuna kitu alichokitamani maishani kama kuiona nyumba yake kutoka juu.

Basi mke akajitosa kazini. Mume alitaka kila waya upite ndani ya bomba la chuma, kuanzia kwenye injini hadi taa za mkiani, eti ndege ipendeze. Sasa bomba lenye kona halikubali kusukumiwa waya. Unakwama njiani na kujikunja. Mke ndiye aliyepata dawa: alifunga uzi wa cherehani kwenye kipande cha sponji, akakitia bombani na kukivuta kwa mashine ya kufyonza vumbi mpaka kikatokea upande wa pili. Kwa uzi akavuta kamba, na kwa kamba akavuta waya. Midomo ya mabomba aliipiga msasa na kuivisha mpira, chuma kisije kikakata ganda la waya. Vidole vilichanika. "Mikono ya dhahabu hiyo," mume alimwambia, na mshonaji akakivaa kilemba cha ukoka kwa furaha.

Mkaguzi wa ndege akaja na mizani. Ndege ikazidi uzito.

"Waya ungefungwa tu kwenye fremu," alisema. "Toa mabomba, au toa kiti kimoja."

Rubani hakufikiri hata kidogo. "Mabomba yamekaa vizuri mno. Kitoke kiti."

"Kiti gani?" mkewe akauliza, ingawa alijua.

"Mama watoto, usianze."

Hakuanza. Mfinyanzi hulia gaeni, husema watu, kana kwamba ni jambo la kuchekesha.

Siku ya kuruka, uwanja ulijaa. Wale wale waliomcheka Rubani sasa walipigania kumshika mkono. Jirani mmoja akamgeukia mshonaji.

"Shemeji, mbona wewe hupandi?"

Mume akawahi kujibu, huku akijifunga mkanda. "Huyu? Anaogopa. Wanawake na ndege wapi na wapi."

Watu wakacheka. Mshonaji naye akacheka, kwa sababu walikuwa wanamtazama.