Kigoda cha Diwani

Diwani wetu alikuwa haendi mahali bila kigoda chake cha miguu mitatu, na hakuna aliyewahi kumwona amekikalia. Tulidhani ni majivuno ya cheo. Kwenye mikutano ya TANU alisimama nacho kwapani, sauti yake ndogo kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto, akirudia jambo lile lile: basi lipite kijijini kwetu, wazee wasitembee mpaka Mkiwa kulifuata. Sisi tulichoka kumsikiliza. Yeye akimaliza husugua ukingo wa kigoda kwa kidole gumba, mpaka mti ukawa unang'aa.

Siku basi lilipokuja mara ya kwanza, naye akiwa amevaa shati jeupe kwa safari ya Singida, ndipo tukaelewa. Ngazi ya basi ilikuwa juu mno kwa Bibi Martina. Diwani akaweka kigoda mlangoni, akapiga goti vumbini kukishikilia.

"Shikamoo bibi. Kanyaga, nimeshika."

"Marahaba mwanangu. Nikikuangukia?"

"Niangukie tu."

Bibi akacheka, akapanda. Wakafuata kina mama waliobeba watoto mgongoni, na mzee Mughwai asiyeona, kila mmoja akimwegemea begani, hadi basi likajaa na kondakta akagonga bodi, likaondoka. Vumbi lilipotulia, sisi tuliokuja kutazama tulimwona bado amepiga goti, shati limekuwa jekundu, alama za viganja zimejaa begani. Akainuka, akakipangusa kigoda, akakikalia.