Nyota ya Mama Ilipobadilika Rangi

Nilipokuwa mtoto huko Kilolo, kazi yangu ya jioni ilikuwa kumtazamia bibi yangu nyota. Macho yake yalishaanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na yangu, kwa maneno yake, yalikuwa bado mapya. Nyumbani kwetu tuliamini kwamba mtu akiwa mbali na anaumwa, nyota ya kwanza inayotokea juu ya mlima, upande wa machweo, ndiyo inayobeba habari zake. Ikiwa nyeupe, atarudi. Ikiwa nyekundu, basi tena.

Mwaka ule aliyekuwa mbali ni mama. Uchungu ulikuwa mgumu, akapelekwa hospitali Iringa mjini kujifungua, na habari hazikuja.

Kila jioni Bibi alikaa mlangoni na shuka lake begani. "Haya, mke mwenzangu, leo ya rangi gani?"

"Nyeupe, Bibi."

Alishusha pumzi, tukaingia jikoni kula.

Jioni ya nne nilitazama. Nyota ilikuwa nyekundu kama kaa la moto, tena hafifu, kama inayotaka kuzimika. Nilifumba macho, nikafumbua. Ikabaki vilevile.

"Mbona kimya? Umemeza ulimi?"

"Nyeupe, Bibi. Nyeupe pe."

Siku mbili baadaye mama alirudi, amekonda, kambeba mdogo wangu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ambo ya bonde. Mimi nilijificha nyuma ya ghala nikalia. Niliamini nyota haidanganywi, na kwamba msiba niliomkinga nao mama ungemwangukia mtoto. Kila alipopata homa niliamka kusikiliza kama anapumua. Ameshaota ndevu, na bado akichelewa kupokea simu roho yangu haitulii.

Siku hizi nafundisha fizikia Mbeya. Nawaeleza wanafunzi kwamba mwanga wa nyota iliyo chini, karibu na upeo, hupita kwenye hewa nyingi. Ikiwa na moshi, rangi ya bluu hutawanyika njiani, nyekundu ndiyo hutufikia. Na ile ilikuwa Oktoba, na jioni ile ndipo watu walipoanza kuchoma mashamba kungojea mvua. Nalijua hilo vizuri, lakini kujua hakukunitoa hofu.

Likizo iliyopita nilimwendea Bibi, ambaye sasa haoni kabisa, nikaungama uongo wa jioni ile.

Alicheka mpaka akakohoa. "Moshi ule nani hakuunusa? Jioni ya moshi mzito nyota zote nyekundu. Nilijua kabla sijakuuliza."

"Sasa uliniulizia nini, Bibi?"

Aliutafuta mkono wangu akaupata.

"Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilitaka mtu aniambie nyeupe."

Miaka yote nilijiona mtoto aliyemdanganya bibi yake. Kumbe alikuwa ameniomba kitu, nami, kwa umri wa miaka minane, nilimpa.